Kuhamisha kanda za MiniDV mjini Lamu: huduma niliyoridhika nayo

Nilipompelekea fundi mmoja wa mtaa wa Langoni kanda 14 za MiniDV, yaani kaseti ndogo za kamera za video, azihamishie kwenye diski ya kompyuta, nia yangu ilikuwa kuzinusuru harusi za nyumbani kwetu kabla unyevu wa bahari haujaziotesha ukungu. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimejaribu kwa fundi mwingine, ambaye alizitia kanda za kampuni mbalimbali kwenye kamera moja baada ya nyingine bila kuisafisha, na kufikia ya nne picha ilijaa chenga za mirabamiraba, huku sauti ya vugo la dada yangu, ile ngoma ya harusi ya wanawake inayopigwa kwa pembe, ikikatika kila pembe zilipogongwa. Niliambiwa kanda hiyo imekufa.

Fundi wa Langoni alianza kwa kuzipanga kanda mezani kwa kufuata kampuni zilizozitengeneza. Ukanda wa MiniDV una upana wa milimita 6.35 tu, na vichwa vinavyousoma vimo kwenye pipa dogo linalozunguka mara 9,000 kwa dakika. Kila mstari wa data una upana wa mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo uchafu usioonekana kwa macho unatosha kuziba kichwa. Juu ya ukanda hupakwa kilainishi, na tangu kanda hizi zilipotoka mwaka 1995 mafundi wengi wamekuwa wakionya kwamba kilainishi kikavu cha kampuni moja kikikutana na cha majimaji cha nyingine hugeuka utando unaoganda vichwani. Inawezekana kanda za miaka ya baadaye hazina tatizo hilo, lakini mtu mwenye nakala moja tu ya harusi ya mamake hana sababu ya kujaribu.

Kwa hiyo alimaliza kundi la kampuni moja, akapitisha kaseti kavu ya kusafishia kwa sekunde 10 hivi, wala hakuirudiarudia kwa kuwa inakwangua vichwa, ndipo akaingia kundi la pili. Kila kanda aliipeleka mbele hadi mwisho na kuirudisha nyuma kabla ya kuisoma, ili isivutike pale iliponata kwa kukaa miaka mingi.

Jambo lililonigusa zaidi ni adabu yake. Kanda za vugo ni za wanawake, na Lamu hazitazamwi na kila mpita njia. Aliigeuza skrini ukutani, akampa shangazi yangu kiti na vipokea sauti, akamwambia, “Shangazi, kaa wewe uangalie, mimi nitazitazama waya tu.”

Kazi hii haina njia ya mkato: ukanda wa saa moja huchukua saa moja, na hujaza takriban gigabaiti 13. Zangu zilichukua siku nne, umeme ukikatika mara mbili, na shilingi 600 kwa kanda si bei ndogo, tena diski unakuja nayo mwenyewe. Kanda mbili zilizorekodiwa kwa mwendo wa polepole, ili dakika 60 ziwe 90, bado zina chenga, kwa sababu mistari yake ni myembamba zaidi na kamera ya fundi haikuzisoma vizuri.

Ile iliyosemekana imekufa ilicheza yote, pembe zikisikika moja moja. Hizo mbili nitazirudisha kwake baada ya Maulidi, pamoja na kamera iliyozirekodi.