Tovuti ya nyumba yetu ya wageni Jambiani, Zanzibar: marekebisho yalivyokwenda

Waliotutengenezea tovuti nawapa nyota nne kati ya tano, na nyota hizo wamezipata kwenye marekebisho. Rasimu ya kwanza peke yake ningeipa mbili.

Ni ofisi ndogo ya Dar es Salaam. Sitaitaja jina, kwa kuwa lipo jambo moja tulilovutana nao na wameshalimaliza. Bei yao ilikuwa shilingi 900,000, nusu kabla ya kazi kuanza na nusu siku tovuti inapopanda hewani. Mkataba ulitoa awamu tatu za marekebisho, na baada ya hapo kila badiliko shilingi 40,000. Palikuwa na kifungu kingine kilichojificha chini kabisa: mteja akinyamaza siku saba baada ya kupewa rasimu, anahesabiwa ameikubali. Niliomba ziwe 14, maana mwezi wa nane nyumba ikijaa wageni sipati hata nafasi ya kukaa mbele ya kompyuta. Wakakubali bila maneno. Mpwa wangu anayefanya kazi zake kupitia Fiverr, soko la kazi la mtandaoni, aliniambia kule mnunuzi ana siku tatu tu tangu akabidhiwe kazi, zikipita oda inajifunga yenyewe. Basi kifungu hicho kisomeni kabla hamjatia saini.

Rasimu ilikuja inang'aa. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya vibanda vya makuti vimesimama juu ya maji ya buluu, kama vile vya Maldives. Sisi hatuna kibanda juu ya maji. Na bahari ya Jambiani haikai mahali pamoja: maji yakitoka, hasa siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanarudi nyuma zaidi ya kilomita moja mpaka karibu na mwamba, na mbele yako unabaki mchanga, vidimbwi, na kina mama kwenye mashamba ya mwani. Mgeni aliyeahidiwa maji mlangoni akafika saa hiyo, anahisi ametapeliwa, na lawama ananipa mimi niliyempokea. Nimeshaona nyuso za namna hiyo kwa wageni waliohama kutoka nyumba nyingine. Picha ile sikuweza kuiacha ikae hata siku moja.

Hapo ndipo nilipowaona ni watu wa aina gani. Sikuwatumia sauti za WhatsApp usiku, moja leo moja kesho, kwa sababu kila ujumbe ungeweza kuhesabiwa awamu. Niliandika karatasi moja yenye kila kitu: ukurasa gani, kilichopo sasa, ninachotaka, na sababu. Pembeni nikaweka picha ya skrini niliyoizungushia alama nyekundu. Kijana aliyepewa kazi yetu alinipigia simu siku ile ile. Akasema, "Shangazi, hii ya maji kutoka sikuijua, mimi nimekulia Dodoma. Nieleze vizuri." Nikamweleza bamvua na maji mafu, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, kwamba saa za kujaa na kupwa zinasogea karibu dakika hamsini kila siku, kwamba maji yakitoka ndiyo wakati mzuri wa kutembea mpaka kwenye mwani unaolimwa hapa kwetu tangu mwisho wa miaka ya 1980. Alisikiliza mpaka mwisho.

Rasimu ya pili ilikuwa na picha zetu wenyewe, alizopiga mwanangu kwa simu: moja maji yamejaa, moja yametoka, zimewekwa ubavu kwa ubavu. Chini yake palikuwa na aya fupi inayomwambia mgeni lini ataogelea na lini atatembea. Sehemu hiyo sikuiomba kwa umbo lile, yeye ndiye aliyeibuni. Wageni wanaifurahia mno, na sasa wananiuliza saa za maji kabla hawajauliza bei ya chumba.

Tulivutana kidogo juu ya kitufe cha WhatsApp. Ukikibonyeza, kilikuwa hakifiki kwangu. Namba waliianza na 255 halafu wakaiacha na sifuri yake, ikawa 2550 na kuendelea, na kiungo cha WhatsApp hakikubali hivyo: sifuri lazima iondoke. Msimamizi wao akataka kulihesabu hilo kama marekebisho. Nikakataa. Kubadili rangi ya kichwa cha ukurasa kwa sababu mimi sikuipenda, hilo ni badiliko na ni haki yao kulihesabu. Kitufe kisichofanya kazi ni kosa la kazi, na kosa halili awamu ya mteja. Niliyasema kwa upole lakini sikurudi nyuma. Wakaafiki, tena wakaniandikia rasmi kwamba makosa ya utendaji yatasahihishwa bure hata baada ya tovuti kupanda hewani. Ningetamani kifungu hicho kiwe kwenye mkataba wao wa kila mteja.

Uzito wa kurasa nao ulinisumbua. Picha za mwanangu waliziweka zilivyo, kila moja megabaiti nne na zaidi, na huku kwetu mtandao ukiyumba ukurasa ulikuwa unafunguka robo robo. Nilipowaambia, wakazipunguza zote zikawa chini ya kilobaiti 200, na kwa macho yangu sioni tofauti. Hilo lilikwisha haraka.

Nyota ya tano wameipoteza kwenye jina la tovuti. Anwani yetu inaishia na .co.tz, na nilipoangalia kumbukumbu za usajili nikakuta mmiliki aliyeandikwa ni ofisi yao. Jina la nyumba aliyoijenga marehemu mume wangu, kwenye usajili ni mali ya watu wengine! Sidhani walikuwa na nia mbaya, wengi wa mafundi hawa husajili hivyo kwa urahisi wao. Lakini siku tukigombana, au ofisi ikifungwa, anwani inabaki mikononi mwao nami naanza upya kutafuta wageni. Niliomba libadilishwe. Kila nikiuliza najibiwa "linashughulikiwa". Halikushughulikiwa mpaka nilipowaandikia kwamba nusu ya pili ya malipo itatoka siku nitakapoona jina langu pale. Baada ya hapo halikuchukua muda. Jambo hili lilistahili kufanywa siku ya kwanza, bila kuombwa.

Kwa mwenye nyumba ndogo ya wageni Paje, Bwejuu au Makunduchi anayetafuta mtu wa kumtengenezea tovuti, aniulize faraghani nitampa mawasiliano yao. Amtake yule kijana wa Dodoma, na amwambie amsajilie jina kwa jina lake mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi. Awamu ya tatu ya marekebisho sikuitumia, na wamekubali niiweke kwa ajili ya ukurasa wa Kijerumani tutakaouongeza kabla ya msimu wa kaskazi.