Kinyundo chenye wembe wa kukatia mkanda: nimekaa nacho miezi minne

Ni kinyundo kidogo chekundu cha plastiki. Kichwani kina ncha mbili za chuma za kuvunjia kioo cha dirisha, na mwisho wa mpini kuna mdomo mwembamba uliopinda kama ndoano, wembe umejificha humo ndani. Nilikinunua kwa shilingi 12,000 kwenye duka la spea na mapambo ya magari pale Kabwe, Mbeya. Nyundo sikuwa na shida nayo. Niliufuata huo wembe.

Mwezi wa tano tulikuwa tunakwenda Tukuyu kwa mama mkwe. Baba yao anaendesha, mimi mbele, watoto watatu nyuma. Kitinda mimba wetu, miaka 5, alijifungua mkanda wake bila sisi kujua, akahamia siti tupu, akauvuta mkanda wa pale hadi mwisho na kujizungushia shingoni mara mbili, eti skafu, maana baridi ilikuwa kali. Tunakaribia Isyonje, ukungu umetanda, kaka yake akasema, "Mama, mbona mtoto haongei?"

Nikageuka. Midomo imebadilika rangi, na vidole vyake viwili vimebanwa kati ya mkanda na shingo. Naamini vidole hivyo ndivyo vilivyomwachia nafasi ya kuvuta pumzi.

Tukasimama. Nilivuta ule mkanda kwa nguvu zangu zote, haukuja hata kidogo. Kila akijitikisa nasikia krr, krr, unaingia zaidi. Kubonyeza kifungio kusingesaidia, maana haukuwa umechomekwa popote. Mama mmoja aliyekuwa anauza viazi kando ya barabara akaja mbio na kisu chake cha kumenyea. Baba yao akapenyeza vidole vyake juu ya ngozi ya mtoto, akawa anakata kuelekea nje. Kisu kikamchana kidole gumba, lakini mkanda ukaachia, mtoto akalia. Nilimshika yule mama mikono yote miwili nikasema "ndaga fijo, mama", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, sikuwa na neno lingine. Tukageuza gari kurudi mjini, moja kwa moja hospitali. Alama nyekundu ilikaa shingoni wiki nzima.

Fundi alinionyesha baadaye kwamba mkanda haukuwa mbovu. Mikanda mingi ya siti za nyuma ina tabia mbili. Kawaida inavutika na kurudi, inakaza tu gari likishtuka. Ukiivuta hadi mwisho kabisa inageuka: kila kipande kinachorudi ndani hakitoki tena mpaka mkanda wote umejikunja. Imetengenezwa hivyo ili kushikilia kiti cha mtoto kisiyumbe. Sasa ikiwa katikati kuna shingo, utajikunja wote vipi? Jaribu kwenye gari lako: vuta taratibu hadi mwisho, achia kidogo, vuta tena. Ukigoma, mkanda wako ni wa namna hiyo.

Nirudi kwenye kifaa. Kile kipande tulichokata nilikifunga kwenye mguu wa meza nikakijaribia. Ukivuta kwa kunyoosha, wembe unakwama katikati. Mkanda ukiwa umekaza na ukakata kwa mshazari, unapita mara moja. Mdomo ule ni mwembamba, kidole hakiingii, na kwangu hilo ndilo la thamani kuliko yote, kwa sababu nimeona kisu kitupu kikipita karibu na koo la mwanangu. Nilijaribu pia kile kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo, shilingi 4,000. Kilichubua nyuzi tu. Msinunue.

Kasoro ipo. Gundi ya kukibandikia iliachia wiki ya pili kwa jua, nikakuta kinyundo kipo chini ya siti, mahali ambapo siku ya shida nisingekipata. Nimekifunga kwa kamba kando ya siti yangu, mkono unafika bila kufungua mlango.

Na mkanda uliokatwa usikubali ushonwe. Fundi mmoja aliniambia cherehani inatosha, nikakataa, nikanunua mwingine mzima.

Siku hizi kabla ya kuwasha gari mikanda ya siti tupu naichomeka yote. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, nayo huwaambia wazazi hivyo hivyo: mkanda usiotumika na mtoto anaweza kuufikia, uchomeke, uvute taratibu hadi mwisho, kisha urudishe ndani ubane usibaki umelegea. Watoto wangu ndani ya gari peke yao hawakai tena, hata dakika mbili za kununua mkate.

Juzi nimerudi Kabwe kuchukua cha pili kwa ajili ya mdogo wangu, anayebeba watoto wa shule kutoka Uyole. Safari hii niliomba wanifungulie pakiti niuone wembe, wakafungua bila kinyongo, na wakanipunguzia hadi 10,000.