Konvata iliyojengwa upya: nunua, ila usinunue rangi

Konvata ya gia boksi ya otomatiki (chombo cha duara chenye oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi) hupatikana kwa namna tatu: mpya kabisa, iliyong'olewa kwenye gari jingine, na iliyopasuliwa ikajengwa upya. Hii ya tatu ndiyo inayopimwa hapa. Ikiwa imejengwa kweli, inafanya kazi sawa na mpya na kwa gari nyingi ndiyo chaguo la busara. Ile iliyong'olewa ni mbuzi kwenye gunia. Ganda lake limechomelewa pande zote, hakuna anayejua kilichomo mpaka likatwe.

Ndani mna vipande vinne vya kuangalia. Impela imeshikana na ganda, hivyo huzunguka na injini na kuirusha oili kwa nguvu. Tabaini hupigwa na oili hiyo na kuzungusha shafti ya kuingilia gia boksi. Katikati yao kuna steita (si stata ya kuwashia injini, wengi huzichanganya) inayogeuza oili inayorudi ili isaidie impela badala ya kuipinga. Gari likiondoka, geuzo hilo huongeza nguvu ya mzunguko hadi karibu mara mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Tabaini ikikaribia mwendo wa impela, steita huachiliwa na beringi yake ya upande mmoja, nayo huzunguka pamoja na wenzake. Mwisho kuna klachi ya kufungia, inayoshikanisha tabaini na ganda gari likiwa kwenye mwendo wa kutulia, ili isipotee nguvu wala kuzuka joto la bure.

Klachi hiyo ndiyo inayoharibika sana. Dalili yake ni mtetemo mfupi, kama gari linapita juu ya matuta madogo madogo yaliyopangana, mara nyingi kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu. Mtetemo ukiwa unaendelea, gusa breki kwa wepesi bila kupunguza mwendo. Swichi ya taa za breki huiambia kompyuta iiachie klachi. Mtetemo ukikatika papo hapo na mshale wa mizunguko ukapanda kidogo, klachi ndiyo mshukiwa wa kwanza. Usipokatika, kagua plagi na koili za injini kabla ya kushusha gia boksi.

Hata hivyo, mtetemo peke yake si hukumu ya kununua konvata. Oili iliyochoka huuleta pia, na kubadilisha oili ya aina sahihi mara mbili au tatu huuponya mara nyingine. Inabidi kurudia kwa sababu ukifungua sampu (karai la oili chini ya gia boksi) hutoka sehemu tu ya oili, nyingine hubaki ndani ya konvata. Lakini kama oili imegeuka rangi ya maziwa yenye uwaridi, maji ya rejeta yameingia. Bitana ya klachi (utando wake wa kushikia) ni ya karatasi iliyogundishwa, na maji huibandua. Hapo konvata na rejeta vyote hubadilishwa.

Dalili nyingine ni za haraka kuzisoma. Gari zito kuondoka lakini zuri likishika kasi: beringi ya steita inateleza. Linaondoka vizuri lakini linachoka kwenye mwendo na kupata joto: steita imekwama. Injini inazima ukisimama na gia ikiwa D: klachi haiachii. Sauti ya kusaga gari likiwa limesimama kwenye D au R, inayonyamaza ukiweka N: beringi za ndani. Msimbo wa hitilafu P0741 kwenye kompyuta ya gari husema klachi haishiki inavyopaswa, ila hausemi kosa ni la konvata, solenoidi (vali ya umeme) au vali bodi (bamba linalogawa oili ndani ya gia boksi), na hapo ndipo wengi hununua kitu wasichohitaji.

Sasa bidhaa yenyewe. Iliyojengwa kweli imekatwa kwenye mashine ya kereza, ikaoshwa, ikawekwa bitana, sili na beringi mpya, ikachomelewa, ikajaribiwa uvujaji kwa hewa, kisha ikasawazishwa. Angalia mshono wa kuchomelea: uwe mmoja, sawa, bila kuvimba. Shingo inayoingia kwenye pampu ing'ae bila mchirizi, maana mchirizi hula sili. Ingiza kidole ugeuze meno ya steita: upande mmoja yaende, mwingine yagome. Muuzaji asiyeweza kutaja alichobadilisha ndani ameosha na kupaka rangi tu. Hesabu meno ya shafti na upime shingo dhidi ya ile ya zamani kabla ya kulipa.

Konvata nyingi nzuri hufia mikononi mwa fundi siku ya kufungwa. Mimina oili kama lita moja ndani yake kwanza. Isukume kwenye gia boksi huku ukiizungusha mpaka idondoke hatua zote: meno ya steita, ya shafti na ya pampu. Gia boksi likishikana na injini kwa mkono, konvata ibaki huru, na uwe na mwanya wa milimita 3 hadi 5 kati yake na sahani ya flaiwili (ile ya nyuma ya injini inayofungwa konvata). Ukikosa mwanya na ukavuta kwa bolti, pampu hupasuka injini ikiwashwa mara ya kwanza, na hakuna dhamana inayolipia hilo. Kipoza oili nacho kioshwe au kibadilishwe. Chembe za chuma za konvata ya zamani hukaa humo na kurudi kwenye mpya.

Kasoro moja ya bidhaa hizi ni dhamana. Nyingi hugharamia konvata tu, si kazi ya kushusha gia boksi, ambayo ndiyo sehemu nzito. Uliza hilo kabla, na uombe liandikwe kwenye risiti.