Draiva ya gofu, ile fimbo ya kupigia mbali: digrii 9 au 12?

Bei haizitenganishi; modeli moja huuzwa bei ileile kwa lofti zote, yaani mwinamo wa uso wa fimbo unaopimwa kwa digrii. Tofauti iko hewani.

Digrii 9 hurusha mpira chini, hauzunguki sana, na ukitua unabingirika mbali. Penye upepo wa bahari, kama Nyali kule Mombasa, hapo ndipo inapotamba. Ila inadai kasi. Kichwa cha fimbo kisipokaribia maili 105 kwa saa, mpira hukosa nguvu ya kukaa juu, ukaanguka mapema.

Digrii 12 ina huruma zaidi. Mpira huzunguka kinyumenyume kwa wingi, hivyo haupindi sana pembeni, na wewe ambaye kila pigo lako hukimbilia kichakani kulia utauona kwenye nyasi fupi mara nyingi zaidi. Mimi kasi yangu ni maili 88, lakini nilibeba 9 miaka miwili kwa majivuno tu. Kedi, mbeba fimbo wangu, alikuwa ananitazama, analitazama begi, anasonya kimyakimya. Ubaya wa 12: upepo ukija usoni, mpira hupaa kama tiara na kuishia palepale.

Tazama pia unavyopiga. Anayeugonga mpira fimbo ikiwa inapanda anaweza kumudu 9. Anayeugonga fimbo ikiwa inashuka, 12 itamfaa.

Draiva nyingi za siku hizi zina skrubu kwenye shingo ya fimbo ya kubadilisha lofti kwa digrii moja hivi. Ukiongeza, uso wa fimbo nao hujifunga kidogo, yaani hugeukia ndani, na kwa mtu wa mkono wa kulia mpira utavutwa kushoto.