iNaturalist kwa mgeni wa Malindi: huduma nzuri yenye mila zake

Wapo watu wengi hapa Malindi wanaopenda kutazama ndege kwenye mdomo wa mto Sabaki, kuzunguka miambani maji yakipwa, au kupiga picha za vipepeo kwenye magofu ya Gede, na baadhi yao huuliza kama iNaturalist, huduma ya mtandaoni ya kurekodi na kutambua viumbe hai kwa picha, inastahili muda na bando lao. Jibu langu ni kwamba inastahili, kwa sharti moja: mtu aingie akijua kwamba anajiunga na jamii iliyokuwapo muda mrefu kabla yake. Huduma hii ilianza mwaka 2008 kama mradi wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Baadaye ililelewa na California Academy of Sciences pamoja na National Geographic Society, na mwaka 2023 ikawa shirika huru lisilo la faida. Haitozi ada wala haina matangazo ya biashara. Unapiga picha ya kiumbe hai, programu inahifadhi tarehe na mahali, kisha watu kutoka pembe zote za dunia wanasaidia kukitambua. Namna ya kuitumia unaweza kujifunza kwa asubuhi moja. Kinachotaka subira ni kuzoeana na wenyeji wake, na hilo ndilo nitakalolipima zaidi, maana wale ninaowajua walioiacha hawakushindwa na programu bali na watu.

Kuhusu programu yenyewe sina mengi. Inahifadhi rekodi bila mtandao, kwa hiyo unaweza kuzunguka hori la Mida kutwa nzima na kupakia picha usiku ukifika penye waifai. Picha kubwa hupunguzwa zikishapakiwa, kwa hiyo kamera ya bei mbaya si lazima. Simu ya kawaida yenye lenzi safi inatosha kwa mimea, kaa na wadudu, ingawa kwa ndege waliosimama mbali kwenye mchanga wa Sabaki haitoshi hata kidogo. Kuna pia mashine inayopendekeza jina mara tu unapoweka picha. Kwa ndege na kwa maua ya bustanini hupatia mara nyingi. Kwa viumbe wa miamba ya pwani yetu ni lazima uitilie shaka, na sababu yake ni rahisi: mashine hujifunza kutokana na picha zilizokwisha kupakiwa, na spishi isiyofikisha picha zipatazo 100 haimo katika yale inayoyajua. Konokono wa baharini aliyepigwa picha mara chache kati ya Kiunga na Vanga atapewa jina la nduguye wa mbali mwenye picha nyingi. Hapo ndipo watu wanapohitajika, na hapo ndipo mgeni anapokutana nao kwa mara ya kwanza.

Jambo litakalomgusa mtu wa pwani kabla ya mengine yote ni kwamba jamii hii haina salamu. Sisi hatuwezi kuuliza bei ya mchicha bila kuulizana kwanza habari za asubuhi na za nyumbani. Huko unaweka picha ya ndege mwenye mdomo mrefu uliopinda, unaandika jina la aina moja ya sululu, na baada ya saa mbili mtu usiyemjua anaweka jina la aina nyingine chini yake, bila shikamoo, bila samahani, bila hata neno moja la maelezo. Ni rahisi kuona kwamba umedharauliwa. Kwa kweli mtu huyo huenda amekaa akipitia mamia ya rekodi kwa mkao mmoja, kwa kujitolea, na kwake kuandika jina sahihi ndiyo heshima yenyewe. Dawa ni kumuuliza. Mtaje kwa alama ya @ na umwandikie kwa ufupi ni kitu gani amekiona. Mara nyingi utajibiwa vizuri kuliko ulivyotarajia: kwamba utosi wa ndege huyu una mistari myeusi na mweupe katikati, na kwamba mdomo wake ni mfupi ukilinganisha na wa yule uliyemdhania. Siku utakayorudi Sabaki utatazama utosi kabla ya kutazama mdomo. Nimeona wakongwe wanaoonekana wakavu kama mkaa wakiandika aya tatu nzima kumfafanulia mtu aliyeuliza kwa adabu, na nimewaona haohao wakinyamaza kabisa mbele ya mgeni aliyejibu kwa hasira kwamba yeye amezaliwa hapa na ndege wa kwao anawajua.

Kuzaliwa hapa ni faida, lakini katika jamii hii faida hiyo sharti ionekane pichani. Chukua mfano wa mikoko. Mtu akisimama kwenye daraja la mbao la Mida na kupiga picha moja ya ukijani mzima ulio mbele yake, rekodi hiyo itakaa miezi bila mtu kuigusa, kwa sababu katika fremu moja pana miti ya aina tatu au nne na hakuna anayejua ni upi unaoulizwa. Akishuka na kuusogelea mti mmoja, akapiga picha ya mizizi, ya jani kwa juu, ya jani kwa chini, ya ua au ya tunda, mambo hubadilika. Mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, una mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui, jani lake lina kijiba chembamba kwenye ncha, na ukiligeuza unaona vitone vidogo vyeusi. Muia, Bruguiera gymnorrhiza, unatoa mizizi inayochomoza matopeni kama magoti, na kikombe cha ua lake mara nyingi ni chekundu. Mchu unasimamisha vijiti vyembamba tele kuzunguka shina, na upande wa chini wa jani lake umefifia kuelekea weupe. Mvuvi wa Dabaso au mkata boriti wa zamani anayajua haya yote bila kuyafikiria. Anachopaswa kuongeza ni picha nne badala ya moja, zote katika rekodi moja, kwa sababu mila ya hapo ni kiumbe mmoja kwa rekodi moja. Mila hiyo wageni huikosea kwa njia zote mbili: wengine hutengeneza rekodi nne za mti mmoja, wengine hukusanya kaa, kome na mwani katika rekodi moja kama kapu la sokoni. Kaa anayeishi ndani ya gamba la kome huwachanganya hata waliozoea. Picha yake inaweza kutumika mara mbili, rekodi moja ya kaa na nyingine ya gamba.

Kosa linalowaudhi wakongwe kuliko hayo ni kitufe cha kukubali. Mtu akikutajia jina la kiumbe wako, chini yake kuna kitufe cha kusema unakubaliana naye, na mgeni mwenye adabu hukibonyeza kwa nia ya kushukuru. Katika mfumo huu, hata hivyo, kubonyeza ni kutoa ushahidi. Rekodi hupanda hadi kiwango cha utafiti pale ambapo ina picha au sauti, tarehe na mahali, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotoa maoni wamekubaliana juu ya spishi, wawili wanatosha. Ikifika hapo, na leseni ya rekodi ikiruhusu, hupelekwa GBIF, hifadhidata ya kimataifa ambako watafiti huchota takwimu zao. Shukrani yako ya upole inaweza kuwa ndiyo kura ya pili iliyopeleka jina la makosa kwenye makala ya kisayansi. Kama huwezi kueleza mwenyewe kwa nini ni spishi ile, andika asante katika maoni na ukiache kitufe. Napenda ukali huu. Ninachokilaumu ni kwamba programu yenyewe haimwambii mgeni jambo hili kwa sauti ya kutosha, na matokeo yake anafundishwa na mtu aliyekwisha kuchoka kulirudia.

Jingine ni suala la kilichopandwa na kilichofugwa. Jamii hii inataka viumbe vilivyofika mahali vyenyewe. Boganvilia za hotelini, minazi ya shambani, paka wa Shela, mbuzi wa jirani: vyote vinaruhusiwa kuwekwa, lakini ni lazima uviwekee alama kwamba si vya porini, na vikishawekewa alama hiyo hubaki pembeni. Mgeni anaweza kudhani maana yake ni kwamba vilivyoletwa kutoka nje havitakiwi, na sivyo. Mwarobaini ulioota wenyewe kando ya barabara unahesabiwa, ingawa asili yake ni Asia. Kunguru wa Bara Hindi anayeiba mkate wako mezani anahesabiwa kikamilifu, na rekodi zake zina manufaa. Wanaolipa gharama ya kutoelewana huku ni watambuzi, hasa msimu ambao darasa zima la wanafunzi limeagizwa na mwalimu kupakia picha kadhaa kila mmoja na wote wamelifotoa ua lilelile lililopo nje ya dirisha. Mwalimu anayesoma haya na aanze kwa kupakia rekodi zake mwenyewe muhula mzima kabla ya kuwaingiza wanafunzi.

Mgeni anayejiunga na dago la wavuvi haanzi kwa kushika usukani. Huanza kwa kukumba maji chomboni, na hakuna anayemdharau kwa hilo. Hapa pia ipo kazi ya kukumba maji. Kuna rundo kubwa la rekodi zilizopakiwa bila jina lolote, nyingine kutoka pwani hii, ambazo wataalamu hawazioni kwa sababu mtaalamu wa kaa hutafuta kaa na wa nyasi hutafuta nyasi. Mtu asiye na elimu ya biolojia anaweza kuzipitia na kuandika tu kwamba huyu ni ndege, huyu ni kaa, huu ni mmea, na kila anapofanya hivyo anaiweka rekodi mbele ya macho yanayohusika. Sijaona njia ya haraka zaidi ya kukubalika. Baada ya muda jina lako linaanza kujulikana, na wale waliokuwa wakipita kimya wanaanza kukuuliza wewe kuhusu Mambrui, kuhusu maji ya bamvua, kuhusu kama kweli wale ndege waitwao vikwewa vya Madagaska (Glareola ocularis) huonekana Sabaki mwezi wa Agosti na Septemba. Huonekana, tena kwa makundi, na anayekaa hapa ndiye anayeweza kwenda kuwapiga picha siku hiyohiyo.

Kwa usawa wa sauti naipa huduma hii alama za juu, ingawa usawa huo una upande wake wa pili. Maoni ya aliyejiunga jana na ya profesa aliyeandika vitabu yana uzito mmoja katika hesabu; hakuna cheo wala kadi ya uanachama. Kwa hiyo kijana wa Maweni mwenye ushahidi mzuri anaweza kumpinga mtaalamu wa mbali, na mtaalamu akaondoa jina lake hadharani. Lakini ipo pia orodha ya waliotambua rekodi nyingi zaidi, na orodha za namna hiyo huamsha ushindani. Wapo wanaokubali kila kitu ili wapande ngazi, na jamii inawavumilia kuliko inavyopaswa.

Lugha ni kasoro ya kweli. Mazungumzo mengi ni ya Kiingereza, na anayekijua kwa shida atakosa nusu ya mafunzo niliyoyasifu hapo juu. Hata hivyo hakuna kanuni inayokataza kuandika Kiswahili, mfumo unapokea majina ya viumbe katika lugha nyingi, na jina la kisayansi ni lilelile kwa kila mtu. Ushauri wangu ni kuandika maoni kwa Kiswahili pale unapozungumza na watu wa Kenya na Tanzania, na kwa Kiingereza kifupi kwa wengine. Ukimya pia utaukuta. Rekodi ya ndege hutambuliwa kwa dakika, ya jongoo bahari inaweza kungoja mwaka, na kuwasukuma watu kwa kuwataja mara kwa mara hakuharakishi chochote.

Kila mwaka, mwishoni mwa Aprili, hufanyika mashindano ya miji ya kurekodi viumbe, City Nature Challenge, yaliyoanza mwaka 2016 kati ya Los Angeles na San Francisco, na wageni wengi hujiunga wakati huo. Kwa pwani yetu sipendekezi. Masika imeshika, kusi imeanza kuchafua bahari, na watambuzi wamefunikwa na rekodi za dunia nzima, kwa hiyo rekodi yako ya kwanza itazama bila kuonwa. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na maji yakiwa maangavu, ni bora zaidi kuanzia.

Kabla ya kupakia chochote, fungua mipangilio ya mahali. Spishi nyingi zilizo hatarini hufichwa na mfumo wenyewe, kwa kuonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo lenye upana wa zaidi ya kilomita 20, lakini usitegemee hilo peke yake. Kiota cha kasa ufukweni, au pango la bundi katika msitu wa Arabuko-Sokoke, lifiche kwa mkono wako. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Malindi piga picha ya gamba palepale lilipo na uliache, kwa kuwa kulichukua ni kosa la kisheria, na wakongwe wataliona kwenye picha likiwa kiganjani mwako na kukuuliza ulilirudisha wapi.