Mwaka na nusu na Opinel namba 8 mfukoni, hapa Tanga

Kisu nilichokuwa nacho kabla ya hiki nilikinunua kwa mmachinga, cha kukunja, mpini wa plastiki uliopakwa rangi ya mbao. Kilinifaa mpaka siku nilipokibana dhidi ya kamba ya katani dukani. Kikajikunja chenyewe, kidole cha shahada kikiwa njiani. Nikashonwa nyuzi tatu. Kwa hiyo shemeji alipopiga simu kuuliza aniletee nini kutoka Ufaransa, sikutaja manukato.

Nilimwagiza Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Kifaransa, ile iliyopigwa chapa ya CARBONE kwenye bapa, yaani chuma cha kaboni, na nikamsisitiza aiweke kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, maana kwenye begi la mkononi ingeishia kwa wakaguzi. Namba ni ukubwa tu. Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5, na ukiikunja inabaki kama sentimita 11. Ni nyepesi kiasi kwamba wiki ya kwanza nilikuwa najipapasa mfukoni nikidhani nimeidondosha.

Visu hivi vinatoka Savoie, kwenye milima ya Alpi, tangu mwaka 1890. Kilichonivutia mimi ni pete ya chuma shingoni mwa mpini, iliyoongezwa mwaka 1955. Ukishafungua bapa, unaizungusha pete kwa dole gumba na bapa halirudi tena. Hata kikiwa kimekunjwa unaweza kukifunga kwa pete hiyohiyo, kisije kikafunguka mfukoni. Hakuna springi wala kitufe. Kidole changu kinaielewa sana pete hii.

Kila niliyemwonyesha alinitisha kuhusu kutu. Pwani, chumvi, jasho, chuma cha kaboni: utajuta. Kweli, chungwa la kwanza la Muheza nililomenya nalo lilikuwa na ladha ya msumari, na embe dodo moja tu lilitosha kuliacha bapa na madoa meusi. Sikuyasugua. Niliendelea kumenya na kufuta, na baada ya mwezi hivi bapa zima likawa na rangi ya samawati iliyofifia, kama mgongo wa kibua. Tangu hapo ile ladha imekwisha. Vidoa vya kutu hutokea nikikisahau na unyevu. Navifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi, basi.

Kilichonitoa jasho ni mpini, na hakuna aliyenionya. Ni mbao tupu yenye vanishi juu, lakini ndani ya ule mfereji bapa linamolala mbao iko wazi. Masika ya kwanza, mwezi wa nne, nilipara nacho samaki, nikakiosha kwenye ndoo, nikakikunja. Jioni nataka kufungulia mfuko wa sukari, bapa limegoma. Mbao ilikuwa imevimba na kuling'ata. Nilivunja ukucha, mke wangu akaleta koleo, nikamzuia. Shemeji ndiye aliyenielekeza kwa simu wanavyofanya huko kwao: legeza pete, gonga kisigino cha mpini kwenye ukingo wa meza, kavu, mara moja. Bapa likachungulia nusu kucha, nikalivuta.

Nilikianika kivulini siku nne kikiwa wazi, nikapitisha msasa laini ndani ya mfereji, kisha nikasugua nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo. Masika ya mwaka huu kilifunguka kwa ugumu, lakini kilifunguka. Kukikunja kikiwa kibichi, sirudii.

Kwenye kazi sina malalamiko. Dukani tunauza pembejeo, kwa hiyo siku nzima ni mifuko, makaratasi na kamba za katani, na katani inakula makali kuliko kitu chochote. Siku ya tatu au ya nne nasikia kisu kinaanza kuvuta uzi badala ya kuukata. Dakika tatu kwenye kinoo, na kama kinoo kiko nyumbani, nageuza kikombe cha chai na kupitisha makali kwenye duara lile la chini lisilong'aa. Bapa ni jembamba, linarudi haraka. Wembamba huohuo ndio unaokataza kukigeuza bisibisi au kufungulia makopo ya rangi. Kijana wa dukani alijaribu mara moja, nikamnyang'anya kabla ncha haijakatika.

Mama mkwe ameshakiomba mara mbili, anasema kinamenya ndizi mbichi vizuri kuliko visu vyake vyote. Nimemwagizia chake kwa shemeji, chenye chapa ya INOX kisichoshika kutu kirahisi, na nta nimeshamwekea tayari. Yule huacha visu kwenye beseni la maji usiku kucha.