Mzani wa buku tano ulivyoniumbua na ndoo zangu 40 za asali (Tabora)

Aisee, miaka mitatu nabeba asali toka Sikonge kuja Tabora mjini nikijua pikapu yangu ni ya tani moja. Kila suka atakwambia pikapu ni tani moja, basi nami nikameza hivyo hivyo. Wiki iliyopita ndo nimeipandisha kwenye mzani wa ghala moja la mazao pembeni ya mji, wale kazi yao kupima malori ya mpunga na alizeti lakini pakitulia wanapima gari ya mtu yeyote kwa buku tano.

Kilichonipeleka ni ng'ombe. Natoka Sikonge nina ndoo 40, kundi linavuka lami, nikakanyaga breki mapema kabisa na gari ikawa kama haijasikia, nilipokuja kusimama mchungaji angeweza kunipa mkono dirishani. Na pikapu haikuwa imelala nyuma hata kidogo maana mwaka jana fundi aliniongezea jani moja la springi kila upande, mkia ukanyanyuka, nikaona sasa nimemaliza. Kumbe lile jani limenizibia macho tu. Breki ni zilezile, ekseli ileile, chesisi ileile, ila dalili ya kulala ndo imeondoka.

Haya, mzani. Nimepanda na mzigo wote, mimi na utingo ndani, ikasoma 3,260. Karani ni binti mdogo hivi, ananiambia "anko, kibati kinasemaje?" Nikabaki namtazama. Akaja mwenyewe akafungua mlango wa dereva akanionyesha kibati kwenye nguzo, nimekipita miaka yote hiyo kikiwa na vumbi, kimeandikwa gari na kila kitu kilichomo isizidi 2,800, na ekseli ya nyuma peke yake isizidi 1,700. Nimezidisha kilo 460! Akaniambia sogea mbele, tairi za nyuma tu zibaki kwenye mzani, ikaja 1,980. Tairi zangu zina namba 110 ubavuni, maana yake kila moja inabeba mpaka kilo 1,060 ikiwa na upepo wa kutosha, kwa hiyo tairi zilikuwa bado zinavumilia na ndo maana hazikupasuka zikanistua mapema.

Nikaenda kushusha, nikarudi tupu, tukashuka wote wawili. 1,960. Hapo sasa ndo nilipochoka, kwa sababu kadi ya gari inasema uzito mtupu ni 1,780. Kilo 180 zimetoka wapi? Ngao ya chuma mbele niliiweka mwenyewe, keria la kuchomelea, spea tairi ya pili, boksi la spana, na tenki lilikuwa limejaa, dizeli lita 80 peke yake ni kama kilo 67. Yaani vitu vyote nilivyoongeza kwa mapenzi vimekula mzigo na mimi nikiendelea kupiga hesabu ya kadi.

Hesabu yenyewe wala sio ngumu, 2,800 toa 1,960 inabaki 840, mimi na utingo tunakula 145, ya mzigo inabaki 695. Tani moja iko wapi? Akija na mwenye asali akakaa siti ya nyuma na begi lake, toa tena ndoo tatu.

Na asali ni mzigo mwongo kuliko yote. Ndoo ya lita 20 ukiiona unawaza maji, kilo ishirini, kumbe lita moja ya asali ni kama kilo 1.4, ndoo inakuja 28 na plastiki yake 29. Kwa hiyo mwisho wangu ni ndoo 23. Ningekuwa nabeba mawese toka Kigoma, dumu la lita 20 linacheza kwenye kilo 19 na chombo chake, ningepakia 36. Dagaa wakavu ndo kabisa, wanajaa mpaka juu ya turubali na uzito bado haujafika. Ila wa mchanga jamani mjiangalie, bodi ya dabo kebini ikijaa usawa wa kingo ni zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, mchanga mbichi hapo unakaribia tani mbili. Lumbesa ya mahindi sisemi, hiyo hata mwenye gunia hajui lina kilo ngapi.

Mtu ataniambia mbona mizani ya barabarani hawatusimamishi. Ni kweli, sheria ya mizani ya Afrika Mashariki inashika magari ya kuanzia kilo 3,500, sisi tunapita tu. Tambarare ya Tabora nayo inatudekeza, hakuna mteremko wa kukuambia breki zimechoka mpaka siku umepata mzigo wa kushuka Kigoma.

Huduma yenyewe naipa nyota nne. Binti ana subira, anaeleza, na buku tano ilinilipia mara zote mbili siku ileile. Nyota moja nimebania kwa sababu mzani ni wa malori, unaruka kwa kilo 20 20, kwa semi sio kitu lakini kwangu hiyo ni zaidi ya nusu ndoo, ndo maana sasa napakia 22 sio 23. Halafu risiti inaandikwa jumla tu, ekseli ya nyuma mpaka uombe, na usipomwambia mapema kabla gari haijashuka unarudi foleni. Wakati wa msimu usiende mchana, malori yanajaa mpaka barabarani. Saa moja na nusu asubuhi wanakuwa wamefungua.

Keria nimeling'oa jana, fundi anasema lina kilo 40 na kitu. Mteja wangu wa asali kanuna kwa sababu trip moja sasa imekuwa mbili, tunabishana nani alipe dizeli.